Timu ya kuazima, ustadi wa nani?

Kuna ubishi usiokwisha katika fakilte yetu tangu wanafunzi walipozoea kucheza Pokémon kwa simu kati ya kozi moja na nyingine. Mmoja akishinda, mwenzake humwambia: "Hujashinda wewe, imeshinda timu ya bingwa uliyemwiga." Yule mshindi naye akishindwa siku ya pili, husema: "Ni bahati tu, pigo langu limekosa." Kauli hizi mbili zinaonekana kupingana, lakini zote zinafikia neno moja: mchezaji mwenyewe hana kazi, kazi ni ya timu au ni ya bahati. Mimi nashika msimamo mwingine. Nasema timu ni kama lugha: ni mali ya wote wanaoitumia, na ustadi wa mtu hupimwa kwa namna anavyoitumia mbele ya mtu mwingine. Na sisi tunaosoma lugha za Kiafrika tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Kwa walimu wetu ambao hawajauona mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Katika mashindano rasmi ya mapambano, kila mchezaji huja na viumbe sita. Kabla ya kuanza, kila mmoja huwaona sita wa mwenzake, kisha huchagua wanne wa kuingia nao, wawili wakitangulia mbele na wawili wakisubiri nyuma. Kila kiumbe anajua amri nne tu, ana kipaji kimoja, na anaweza kubeba kifaa kimoja. Wote huwekwa katika kiwango cha 50, kwa hiyo aliyefuga kiumbe wake kwa miezi hapati faida ya umri. Wachezaji hutoa amri kwa wakati mmoja, kila mmoja bila kuona ya mwenzake, na kwa kawaida kiumbe mwenye kasi ndiye anayetenda kwanza.

Viumbe na mapigo yao wamegawanywa katika asili 18. Moto huyashinda majani, majani huyashinda maji, maji huushinda moto, na kuendelea. Pigo likikuta udhaifu, madhara huwa mara mbili. Na kiumbe mwenye asili mbili zote dhaifu kwa pigo hilo hupata mara nne. Wanaoanza hudhani kwamba kuikariri jedwali hii ndiyo ustadi. Lakini jedwali ya asili ni kama ngeli zetu. Mtoto wa miaka sita hapa Lubumbashi hakosei upatanisho wa nomino na kitenzi katika lugha ya nyumbani kwao, wala hakuna anayemwita msemaji hodari kwa sababu hiyo. Bila ngeli huwezi kuzungumza, lakini ukishazijua, bado hujasema lolote. Ngeli ni mlango tu.

Sasa tuje kwenye timu. Wanaosema "timu ndiyo inayoshinda" wana ushahidi mzuri, na mimi siukatai. Mwaka 2014, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Washington, D.C., Sejun Park wa Korea Kusini alichukua ubingwa wa wakubwa akiwa na Pachirisu katika timu yake. Pachirisu ni kindi mdogo wa umeme, kiumbe ambaye wengi walimwona wa mapambo. Ukimpima peke yake, nguvu zake ni ndogo na mapigo yake hayatishi. Kwa nini basi bingwa alimbeba?

Jibu liko kwa jirani yake. Katika timu hiyohiyo alikuwamo Gyarados, mwenye asili ya maji na ya kuruka, kiumbe wa kutisha ambaye ana kasoro moja kubwa: umeme humpiga mara nne. Pachirisu ana amri ya kuwavuta maadui wampige yeye badala ya mwenzake, na alichaguliwa mwenye kipaji cha kunywa umeme, kiasi kwamba pigo la umeme humwongezea uhai. Ukiwaweka hao wawili bega kwa bega, adui mwenye umeme hajui la kufanya. Akimlenga Gyarados, umeme unaenda kwa kindi na kumnenepesha. Akiacha umeme atumie pigo lingine, amempa Gyarados nafasi ya kujiongezea nguvu. Kindi aliyedharauliwa akawa ngao ambayo kiumbe mkubwa asingeweza kuwa.

Hapo Saussure angetabasamu. Sote tumesoma katika mwaka wa kwanza ule mfano wake wa sataranji, uliochapishwa mwaka 1916 katika kitabu ambacho wenzake waliokuwa wakimfuata waliutoa baada ya kifo chake: farasi wa sataranji si kitu kwa umbo lake wala kwa mti aliochongwa, thamani yake inatokana na nafasi yake mbele ya vipande vingine. Pachirisu ni mfano huohuo, tena ulio hai zaidi. Na ndiyo maana zile orodha zinazopanga viumbe kutoka "wenye nguvu" hadi "wasiofaa" zinanikumbusha maneno tunayoyasikia kila siku kuhusu Kiswahili cha mji wetu. Mtu akisema "batoto banaenda", mwingine atamcheka kwamba amekosea. Lakini ba- hiyo haiko peke yake: inapatana kutoka nomino hadi kitenzi, imekamilika ndani ya mfumo wake. Anayeitoa ba- nje ya mfumo na kuipima kwa kanuni za pwani anafanya kosa lilelile la aliyempima Pachirisu peke yake kwenye orodha. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kipande kimoja hakina thamani hadi ukijue kinakaa na nani.

Basi, kama timu ni mfumo na mfumo ndio unaompa kila kiumbe thamani, je, si kweli kwamba aliyeuazima mfumo ameazima ushindi? Hapa ndipo ninapoachana na wenzangu. Baada ya ushindi wa Park, Pachirisu alipata umaarufu mkubwa na wengi wakajaribu kumtumia. Hadi leo hakuna bingwa mwingine wa dunia wa daraja la wakubwa aliyeshinda naye. Kindi alikuwa yuleyule, na amri zake zilijulikana na kila mtu. Mkono ndio uliokuwa mwingine.

Ushahidi wa pili unatoka upande wa pili. Mmarekani Ray Rizzo alikuwa bingwa wa dunia mara tatu mfululizo: 2010, 2011 na 2012. Kati ya mwaka wa kwanza na wa pili, mchezo wenyewe ulibadilika. Mwaka 2010 kanuni ziliruhusu hata wale viumbe wakubwa wa hekaya; mwaka 2011 zilikubaliwa jamii mpya tu za nchi ya kubuni ya Unova, yaani hakuna kiumbe hata mmoja wa timu ya mwaka uliotangulia aliyeweza kurudi. Ni kama kumwambia mzungumzaji kwamba kuanzia kesho msamiati wake wote umefutwa, na anapaswa kujifunza mwingine. Rizzo akashinda tena. Kama ushindi ungekaa katika orodha ya viumbe sita, ungefutwa pamoja na orodha hiyo.

Unakaa wapi, basi? Tuhesabu. Mbele ya sita wa mwenzako, una sekunde 90 za kuchagua. Kuna njia 15 za kupata wanne kati ya sita, na kila wanne wanaweza kutoa jozi 6 tofauti za kutangulia. Hizo ni njia 90 za kuanza, na mpinzani ana 90 zake. Yaani timu mbili zilezile zinaweza kuanza pambano kwa namna 8,100. Timu uliyoiazima haikuambii uchague ipi. Aliyeitengeneza aliijibu mitihani yake, na leo mtihani ni mwingine.

Kisha inakuja kila zamu, na kila zamu ina sekunde 45. Tuchukue hali inayotokea katika karibu kila pambano. Una kiumbe mmoja aliyejeruhiwa na mmoja mzima. Karibu kila kiumbe katika mashindano haya anaweza kubeba amri ya kujikinga: akiitoa, mapigo mengi hayamfikii kwa zamu hiyo. Mpinzani anataka kummaliza aliyejeruhiwa. Ukimkinga, pigo limepotea bure na mzima wako amepiga. Lakini mpinzani naye anajua utamkinga, kwa hiyo anaweza kuwaelekeza viumbe wake wote wawili kwa yule mzima. Nawe ukijua kwamba anajua, unaweza kumwacha majeruhi apige, kwa kuwa hakuna atakayemgusa. Naye akijua kwamba unajua... Ngazi hii haina mwisho. Na kujikinga mara ya pili mfululizo kunafaulu mara moja tu katika tatu, kwa hiyo uamuzi wa zamu hii unaifunga zamu ijayo.

Mchezaji mchanga hupanda ngazi hiyo hadi achoke, kisha hubahatisha. Mchezaji hodari hujiuliza jambo lingine: "Nikikosea, nitapoteza nini?" Kama kumkosa majeruhi kunampotezea zamu tu, lakini kumpoteza mzima kunampotezea pambano zima, jibu linaonekana hata kama hajui mwenzake atafanya nini. Tena hutazama mwenzake amefanya nini katika mchezo wa kwanza, kwa maana mashindano makubwa hupambanisha watu katika michezo mitatu, na anayeshinda miwili ndiye anayepita. Mtu aliyejikinga mara mbili katika mchezo wa kwanza amekwisha kujieleza, na katika wa pili ama atarudia, ama atakuwa na aibu ya kurudia. Huko ni kumsoma mtu. Hakuna timu ya kuazima inayokuja na maarifa hayo.

Hapa mfano wa Saussure unapungukiwa kidogo. Katika sataranji, kama katika kisolo cha wazee wetu, kila kitu kiko wazi juu ya ubao na watu huenda kwa zamu. Hakuna anayeficha kete. Katika mchezo huu nusu ya jambo iko kichwani mwa mtu mwingine na wote wawili wanasema kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mimi naona uko karibu zaidi na mazungumzo kuliko na mfumo wa sarufi. Chomsky alitufundisha mwaka 1965 kutenga umilisi na utendi, na wengi wetu tumebaki na dhana kwamba utendi ni umilisi uliochafuka: kusitasita, kusahau, kukohoa katikati ya sentensi. Anayetazama pambano la mabingwa wawili hawezi kuamini hivyo. Utendi una kanuni zake, una hesabu zake, na una mabwana wake. Kuzijua amri nne za kila kiumbe ni jambo moja, na kujua ni lini mwenzako anatarajia ya tatu ili umpe ya nne ni jambo lingine kabisa.

Sasa hao wa bahati. Wana haki kusema kwamba bahati ipo. Pigo moja la kiumbe yuleyule kwa adui yuleyule linaweza kutoa viwango 16 vya madhara, kutoka asilimia 85 hadi 100. Mapigo mengine yenye nguvu hufika mara 9 tu katika 10. Lakini tazama hesabu hii: anayetegemea pigo la namna hiyo lifike mara tatu mfululizo ndipo ashinde, ameweka tumaini lake kwenye asilimia 73 hivi. Zaidi ya mara moja katika nne mpango wake utavunjika. Pigo likikosa, analalamika kwamba ameonewa. Hakuonewa. Aliununua mpango huo kwa bei aliyoijua. Mwenzake aliyechagua pigo dhaifu kidogo lisilokosa, au aliyejipanga ili kukosa mara moja kusimwue, ameifanyia bahati nafasi ndogo. Bahati inaweza kumpa yeyote mchezo mmoja. Haiwezi kumpa mtu miaka mitatu mfululizo.

Ninajua pingamizi kubwa litakalokuja, na ni la haki. Watasema: "Unamdharau mtunzi wa timu." Kumtunga Pachirisu karibu na Gyarados ni kazi ya akili nyingi. Kuna pointi 510 za kugawa katika sifa za kila kiumbe, na haziruhusiwi kuzidi 252 katika sifa moja. Mtunzi mzuri hugawa kwa kupima pigo lipi hasa anataka kiumbe wake alivumilie akabaki hai. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi, na anayeichukua bila kutaja jina amemdhulumu mwenziwe. Nakubali kabisa. Mtunzi wa timu anastahili heshima tunayompa mtunzi wa kamusi. Lakini hatumwambii mwandishi wa riwaya kwamba kitabu si chake kwa sababu maneno aliyakuta kwenye kamusi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitunga lugha anayoisema. Tumeiazima yote kwa mama zetu, na bado kuna wasemaji ambao watu hukusanyika kuwasikiliza, na wengine ambao watu huwakimbia.

Waandaaji wa mashindano wenyewe wameelekea upande huo. Katika miaka ya karibuni, kwenye mashindano makubwa, wapinzani hupeana karatasi za timu kabla ya kucheza: amri, vipaji na vifaa vyote vinaonekana, kinachobaki siri ni mgawo wa zile pointi. Wapo walionung'unika kwamba mshangao umekufa. Mimi naona haki imezaliwa. Zamani mchezaji mwenye marafiki wengi ukumbini alijua siri za wapinzani wake kabla hajakaa mezani, kwa sababu marafiki walimpelelezea. Mgeni aliyekuja peke yake hakujua lolote. Karatasi ikiwa wazi, mgeni na mwenyeji wanaanza sawa, na kinachobaki kati yao ni namna ya kucheza.

Jambo hili la kuanza sawa linatugusa sisi kuliko watu wengine. Mwaka 2023, katika mashindano ya dunia ya Yokohama, wachezaji kadhaa waliondolewa kwa sababu viumbe wao walikutwa wametengenezwa au kubadilishwa kwa programu za nje badala ya kufugwa ndani ya mchezo. Kanuni ni kanuni, na waliozivunja walijua. Lakini hoja iliyoibuka baada ya hapo haikuwa ya kijinga: saa za kufuga viumbe sita, na fedha za kununua mashine na michezo, zinapima nini? Zinapima nafasi ya mtu na mfuko wake. Kwa mwanafunzi wa hapa, mashine ya Nintendo ni kitu cha kuona kwenye video. Tunachoweza ni Pokémon Showdown, inayochezwa bure kwenye kivinjari cha simu, kwa mega chache, na ambamo timu nzima huandikwa kwa mistari michache ya maandishi inayoweza kutumwa kwa ujumbe wa WhatsApp. Kwa hiyo tunapomcheka mwenzetu kwamba ameazima timu, tumcheke kwa lipi? Kuazima ndiyo njia pekee tuliyo nayo ya kukaa meza moja na ulimwengu. Mwenye kusoma kwa silabusi ya kuazima si lazima awe mjinga kuliko mwenye kuinunua. Mtihani ndio utakaosema.

Nisiishie kwenye maneno, maana ubishi wa namna hii unaweza kupimwa. Napendekeza kwamba mwisho wa mwaka huu wa masomo wanafunzi wa fakilte tuandae mashindano madogo ya kanuni moja. Kila watu wawili wanaokutana wapewe timu mbili, ambazo hakuna kati yao aliyezitunga, na majina ya watunzi yatajwe wazi. Wacheze michezo mitatu. Kisha wabadilishane timu, wacheze mingine mitatu. Tuandike matokeo yote kwenye daftari moja.

Kama timu ileile itashinda katika mikono yote miwili, meza baada ya meza, wenzangu watakuwa na haki, nami nitaacha kubishana. Lakini kama mtu yuleyule atashinda kwa timu ya kwanza na kwa timu ya pili, basi tuache kuulizana timu imetoka wapi, tuanze kuulizana kwa nini alijikinga katika zamu ya nne. Swali hilo ni gumu zaidi, na lina faida zaidi. Anayetaka kuingia alete simu yenye chaji. Umeme wa jengo letu mnaujua.